Mzunguko Mmoja na Nusu

Umekuja na bomba jipya, Lusangija,
limesafiri na treni kutoka Dar ndani ya gunia la mchele,
na kichungi cha wazi, chekundu,
kama kofia ya bwana harusi asiye na ndugu.
Ukavifunga mwenyewe usiku kwa tochi ya simu,
na kabla ya adhana Sikonge nzima ikajua.

Sasa unasema: Dada Kalunde, inakohoa.
Nikipiga resi inakata pumzi,
nikiwa na ndoo nne za asali nyuma,
kwenye mchanga wa njia ya Ipole,
inazimika kabisa.

Kaa hapo kwenye rimu.
Usimlaumu Mchina, usiitukane plagi.
Pikipiki haiumwi. Ina njaa.
Umeipanua pua, umeipanua na njia ya kutokea,
kijiko cha uji ni kilekile.
Hewa inaingia kama wageni wa harusi,
petroli inagawiwa kama nyama ya bahili.

Nafungua plagi. Tazama:
nyeupe, mfupa uliolambwa na jua.

Baba yangu alipanga madaraja ya tumbaku Urambo,
miaka ishirini na miwili mezani,
jani moja moja mbele ya dirisha:
hili limewahi moto,
hili limelala na unyevu.
Hakunifundisha. Alisema tumbaku itamalizika naye.
Lakini macho hurithiwa bila ruhusa.
Plagi nyeusi ni jani lililooza ndani ya bani,
nyeupe limeungua.
Mimi natafuta ile kahawia yenye mafuta kidogo,
ambayo hata mnunuzi mwizi
anaona haya kuishusha daraja.

Naitoa kabureta, namwaga bakuli lake:
mchanga, chembe ya kutu,
mguu mmoja wa nyuki.
Jeti inasomeka mia na tano.
Ingefaa mia na kumi na mbili,
nayo ipo Tabora mjini, na leo duka limefungwa.

Watakuambia: chukua uzi wa breki, toboa.
Nilitoboa, mwaka wangu wa kwanza.
Pikipiki ya Mwalimu Kashindye ikawa inakunywa kama tembo,
naye akanilipa, akanishukuru.
Mpaka leo nikimwona sokoni
napita upande wa wauza mkaa.

Kwenye kopo la Kiwi kuna mia na kumi.
Siyo niliyoitaka. Ndiyo niliyonayo.
Klipu ya sindano naishusha kijino kimoja,
sindano inapanda, pengo linajazwa hapohapo.

Skrubu ya hewa sasa.
Naifunga mpaka iguse tu,
kama unavyofunga mlango mtoto amelala,
kisha naifungua mzunguko mmoja.
Na nusu.
Zima hiyo redio.
Robo tena, inapanda.
Robo tena, inalegea.
Rudi.

Sailensa imekaa. Wewe mtu wa asali unajua:
unatega sikio kwenye mzinga kabla hujaupandia moshi,
unajua kama wamehamia au wamepita tu.
Hawa wamehamia.

Nenda mpaka darajani, gia ya tatu, mafuta yote,
kisha zima ghafla, rudi ukiisukuma.

Umerudi, jasho mpaka kwenye soksi.
Plagi ni rangi ya chai ya msibani,
maziwa yaliyohesabiwa.
Baba angeiweka rundo la pili.
Ukipata ile mia na kumi na mbili, njoo,
tutaipandisha.

Lakini mbona umenuna?

“Dada, zile pa-pa-pa
nilipokuwa naachia mafuta kwenye mteremko,
zimekwenda wapi?”

Ule ulikuwa mlio wa njaa, Lusangija.

“Kuna mtu Ipole alikuwa anazijua.
Alikuwa akizisikia anatoka nje.”

Elfu kumi na tano.
Na huyo mtu,
mpigie simu.